Hajavimbiwa, Mkojo Umeziba

Idd el-Hajj ikikaribia simu yangu haitulii. "Daktari, kondoo wangu kavimbiwa, nimemnywesha mafuta ya kula wapi!" Anakula nini? Pumba. Pumba na nini? Pumba tu, huu mwezi wa pili yuko bandani ananenepeshwa.

Dhana yenyewe ni kwamba pumba ni chakula kamili, ukizidisha ananenepa zaidi. Sivyo. Pumba za mpunga na za ngano zimejaa fosforasi, kalsiamu kiduchu, na kondoo anataka kalsiamu mbili kwa fosforasi moja. Akila majani hucheua sana, na fosforasi ya ziada hushuka na mate mpaka kwenye kinyesi. Mnyime majani, mate yanapungua, ziada inapitia kwenye figo na kuganda vijiwe. Jike huvikojoa. Dume ana njia ndefu, nyembamba, yenye kona, na ncha yake ina kijimkia ambamo jiwe hunasa. Aliyehasiwa angali mdogo ndiye hatarini zaidi, njia yake haikupanuka.

Kwa hiyo anayejikamua, anasaga meno na kudondosha matone, mafuta ya kula hayamhusu. Ukichelewa kibofu kinapasuka. Majani au mabua yasipungue nusu ya chakula, chokaa ya mifugo kilo 1 kwa kila kilo 100 za mchanganyiko, chumvi, na maji safi mchana na usiku. Chokaa ya kupaka ukutani siyo (ndiyo, nimeshaulizwa). Na mashudu ya alizeti, ambayo hapa Singida hayakosekani, yanaleta protini. Deni la kalsiamu hayalipi.

Dhana nyingine ninazozisikia: "Mashudu ya pamba ni sumu." Kwa kondoo mkubwa, kwa kiasi, hapana. Kwa mwanakondoo anayenyonya, ndiyo.

"Mashudu yenye ukungu wape kondoo, wao wanacheua." Sumukuvu inaharibu ini la anayecheua pia. Tupa.

"Maganda ya muhogo yanaua." Mabichi, ndiyo. Yakatekate, yaanike juani hadi yakauke kabisa, kisha wape.

"Chakula cha kuku au nguruwe kilichobaki kisipotee, mpe kondoo." Kina shaba ambayo ini la kondoo hushindwa kuitoa. Atakula wiki na wiki akiwa mzima, halafu siku moja macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Ukinipigia hapo, nitakachouliza ni wenzake wangapi wamekula.