Tembo dume wa miaka 45 hajamaliza kazi

Mjadala wa uwindaji wa kitalii ukianza tu, mtu atasema: "Lakini wanaopigwa ni madume wazee. Walishazaa, hawana kazi tena porini." Nimeisikia kauli hii kwa wenye vitalu vya uwindaji, kwa waandishi wa habari, kwa wanafunzi. Juzi nimeisikia tena kwa mtaalamu aliyesimama mbele ya viongozi wa vijiji akiitoa kama sheria ya maumbile, kwa simba, kwa nyati na kwa tembo, wote kapu moja. Hapo uvumilivu wangu ukaisha.

Mimi sipingi uwindaji, na niliseme hilo mapema ili tusipotezeane muda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanyamapori wa nyanda zake za malisho walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 68 tangu mwaka ule. Sisemi marufuku ndiyo iliyosababisha anguko hilo, lakini haikulizuia. Sisi Tanzania tulifunga uwindaji mwaka 1973, tukaufungua tena 1978, na kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wetu wakashuka kutoka takriban 109,000 hadi 43,000. Waliowamaliza ni majangili, si wageni wenye leseni. Kwa hiyo anayetaka kubishana kama uwindaji "unaokoa" au "unamaliza" wanyama kwa jumla, abishane na wengine. Swali langu ni hili: anayepigwa ana umri gani, na umri huo una maana gani kwa mnyama wa aina yake?

Nyati nitapita haraka. Dume aliyejitenga na kundi, kikofia cha pembe, yaani sehemu yake nene inayofunika paji, kimekomaa na kuwa kigumu kote, ncha zimelika, huyo kwa kiasi kikubwa amemaliza kuzaa. Ukimchukua, kundi halitikisiki. Tatizo la nyati ni futi kamba: upana wa pembe mara nyingi huwa mkubwa kabla ncha hazijalika, yaani dume akiwa bado katikati ya kazi. Anayetafuta upana ili ajisifu kwenye kitabu cha rekodi ataishia kumpiga asiyestahili. Wawindaji bingwa wazuri, wanaomwongoza mgeni porini, wanalijua hili na humkataza.

Kwa simba, kauli ya "piga mzee" ina msingi wa kweli, na nadhani huko ndiko ilikoanzia kabla haijatapakaa. Madume huteka kundi la majike, na wakiingia huua watoto wa madume waliowatangulia ili majike yarudi kwenye joto. Ukimpiga dume wa miaka minne mwenye kundi, umemuua yeye pamoja na watoto watakaouawa na warithi wake. Mwaka 2004 watafiti wa simba Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wakipigwa madume waliofika umri wa miaka mitano au sita tu, idadi ya simba haiyumbi sana, kwa sababu dume wa umri huo ameshakuza kizazi kimoja. Kanuni zetu zikaweka kiwango cha chini cha miaka sita. Na kilihitajika kweli: idadi ya simba wanaowindwa nchini ilikuwa imeporomoka kwa takriban nusu kati ya mwaka 1996 na 2008, na vitalu vilivyopiga simba wengi zaidi kwa eneo ndivyo vilivyoanguka vibaya zaidi.

Hata hapo nina wasiwasi ambao hauandikwi kwenye vipeperushi. Kipimo cha pua, kwamba nusu yake ikiwa imeingia weusi simba ana miaka mitano na kuendelea, kilitokana na simba wa Serengeti na Ngorongoro. Ukienda kusini, kwenye miombo, unakuta madume wenye manyoya haba ya shingoni hata wakiwa wakubwa, kwa hiyo yule anayezoea kukisia umri kwa manyoya anapotea. Halafu mwambie mtu aisome pua hiyo kwa darubini, jua limezama, simba ameinamia chambo. Jino kwenye eksirei litasema ukweli baadaye, lakini simba atakuwa ameshakufa. Sheria ni nzuri. Utekelezaji wake unategemea sana uaminifu wa mtu mmoja aliyekaa kwenye kificho na mgeni aliyelipa fedha nyingi.

Sasa tuje kwa tembo, maana hapa ndipo kauli ile inapogeuka kuwa uongo mtupu.

Tembo dume huondoka kwenye familia ya mama yake akiwa na miaka kama 14. Kibaolojia anaweza kuzaa tangu ujanani. Kwa uhalisia hapati nafasi. Jike huingia joto kwa siku chache tu, na kwa kawaida hupita miaka minne au mitano kabla hajaingia tena. Nafasi ni chache na washindani ni wengi. Anayeshinda ni dume aliye kwenye masti: tezi za pembeni mwa macho zinavuja, mkojo unadondoka njia nzima, homoni zimepanda mara nyingi kuliko kawaida, na madume wengine wanampisha. Kijana wa miaka 25 akiingia masti ni kwa siku au wiki chache, na mkubwa akitokea inakatika. Dume aliyevuka miaka 40 hukaa kwenye hali hiyo miezi miwili, mitatu, hata zaidi, kila mwaka. Na majike humchagua yeye.

Hii si nadharia. Tembo wa Amboseli, Kenya, wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwaka 1972, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Cynthia Moss. Vinasaba vya watoto vilipopimwa ili kuwajua baba zao, uzazi wa madume ulikuwa ukipanda kadiri umri unavyopanda, na kilele kilikuwa baada ya miaka 45, umri ambao mtaalamu wetu wa juzi angemwita amekwisha. Pembe zake zinaendelea kurefuka na kuongezeka uzito hadi kifo. Kwa hiyo dume mwenye pembe za kumvutia mwindaji ni yule yule aliye kwenye kilele cha kuzaa. Ukimlinganisha na simba wa miaka sita aliyeshakuza watoto wake, umelinganisha mfanyakazi aliyestaafu na fundi mkuu aliye kazini.

Na kazi yake si kuzaa peke yake. Hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, ililetewa tembo yatima waliobaki baada ya mauaji ya kupunguza makundi huko Kruger, hifadhi nyingine ya nchi hiyo. Madume wale walikua bila wakubwa, wakaingia masti mapema na kukaa humo muda mrefu, na kati ya mwaka 1992 na 1997 waliua faru zaidi ya 40. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka Kruger. Masti za vijana zikafupika, mauaji ya faru yakakoma. Nawaomba wanakijiji wanaolalamikia madume vijana mashambani waufikirie mfano huu kabla ya kukubali kwamba dume mkubwa hana kazi.

Ndiyo maana sakata la Enduimet liliniuma. Jumuiya hii ya Hifadhi ya Wanyamapori, yaani eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji, iko Longido, kati ya Kilimanjaro na mpaka wa Kenya, na tembo wa Amboseli huingia na kutoka humo bila kujua mpaka uko wapi. Tangu miaka ya 1990 upande wetu ulikuwa umeachana na kuwawinda. Kisha kuanzia Septemba 2023 hadi 2024 ikaripotiwa kwamba madume wakubwa watano wamepigwa kwenye ukanda huo. Kisheria lilikuwa halali, kwa leseni. Kanuni zetu zinataka pembe iwe na kilo 20 au sentimita 160, kiwango kilichowekwa ili kuwalinda vijana, na kwa tembo kiwango hicho hicho ndicho kinachoelekeza mtutu kwa wazazi wakuu.

Watetezi wana hoja moja ambayo siwezi kuifuta: tembo wa Amboseli ni kama 2,000, na watano hawawezi kuishusha idadi hiyo. Ni kweli. Wala siwezi kuthibitisha kwamba pembe kubwa zitatoweka kwenye ukoo kwa sababu ya risasi tano. Lakini madume wa kiwango hicho cha pembe ni wachache mno, na kumpata mwingine kunachukua miaka 40 ya kungoja. Hiyo ndiyo hesabu, na jumla ya tembo wote haiioni.

Swali linaloninyima raha ni la fedha. Kijiji cha Longido ambacho mahindi yake yameliwa usiku kinahitaji mapato, na si kila kitalu kinaweza kuvutia watalii wa kamera; huko miombo yenye mbung'o, mwindaji akiondoka atakayefuata ni mchoma mkaa. Baolojia ingeniruhusu kusema pigeni dume wa miaka 20 mwenye pembe ndogo, kundi halitamkosa sana. Hakuna mgeni atakayelipia hilo. Soko linalipa zaidi kwa mnyama ambaye kumkosa kunagharimu zaidi, na sijaona mpango wa mgao, yaani wa idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa, uliolitatua hilo kwa tembo.

Kwa kuanzia, wanaopanga mgao wa tembo waache kuanza na idadi ya tembo wote waliohesabiwa kwa ndege. Waanze na idadi ya madume waliovuka miaka 35 kwenye eneo husika, pande zote mbili za mpaka. Pale ambapo idadi hiyo haijulikani, mgao uwe sifuri mpaka ijulikane. Kwa Enduimet haihitaji kusubiri: takwimu ziko Amboseli, zimekusanywa tangu mwaka 1972, na wenye kuzitunza wanajua umri wa madume hao mmoja mmoja.