Picha ya mgongo peke yake haitoshi kumtambua mnyoo bapa wa baharini

Jamani hii ya "nimekutumia picha, niambie ni spishi gani" imenichosha kabisa. Wapiga mbizi, hata wanafunzi wa sayansi ya bahari, wananitumia picha moja ya mgongo wa polikladi, yaani hao minyoo bapa wa baharini, halafu wanataka jina kamili hapo hapo, eti rangi inatosha. Haitoshi! Kwa jenasi za Pseudoceros na Pseudobiceros rangi inasaidia kweli kutenganisha spishi, ila jenasi zenyewe unazitofautisha kwa matundu ya kiume tumboni, Pseudoceros analo moja, Pseudobiceros anayo mawili, sasa mgongo utakuonyesha nini? Na hao ndo rahisi. Wale wa kahawia wanaojibanza chini ya mawe, kundi la Akotilea, wanafanana mno, hapo inabidi uangalie vijicho vimepangwaje, halafu umkate slaisi nyembamba sana, uzitie rangi, uufuatilie mfumo wa uzazi kwenye hadubini slaisi baada ya slaisi. Mwaka 1903 mwanazuolojia Laidlaw aliandika kuhusu polikladi ambao mwenzake Crossland aliwakusanya Zanzibar na pwani ya Kenya, na mnyoo akishakaa kwenye dawa ya kuhifadhia rangi inapotea, kinachobaki cha kuaminika ni maumbile ya ndani.

Kwahiyo ukimpata mpige picha akiwa hai, juu NA chini, weka na rula. Kisha kata kipande kidogo pembeni, tia kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA, KABLA ya fomalini (dawa ya kuhifadhia mwili) maana fomalini inaiharibu DNA. Halafu mlaze juu ya fomalini iliyogandishwa, akae bapa. Ukimtumbukiza tu kwenye dawa atajikunja na kukatikakatika, kazi imeisha.

Eti ni nudibranki? Hapana, nudibranki ni konokono, ana mwili mnene na wengi wana matamvua mgongoni, huyu ni mwembamba na vile "vipembe" mara nyingi ni ukingo wa mbele tu umejikunja.

Eti ataleta ugonjwa sababu kichocho na tegu nao ni minyoo bapa? Polikladi wengi si vimelea, wanaishi huru, wanawinda, wengine wanakula chaza.

Eti ukimkata anakuwa wawili? Hiyo ni planaria wa maji baridi. Polikladi anaponya kidonda na kurudisha kingo, lakini kipande kisicho na ubongo hakioti kichwa.

Na kumshika mkono mtupu kisa ni laini, acheni, tumieni brashi. Anachanika haraka, na baadhi ya polikladi wa jenasi ya Planocera wana tetrodotoksini, sumu ileile ya bunju.