Amerudi baada ya miezi saba, "lazima anachomwa kitu"

Dhana: ACL (kano ya ndani inayoshikilia goti) ikikatika inataka mwaka mzima, kwa hiyo mchezaji anayerudi mapema anatumia dawa.

Kila staa akiwahi kurudi, wagonjwa wanataka sindano aliyochomwa. Sindano hiyo haipo! Testosteroni inakuza misuli. EPO, iliyowafungia wakimbiaji kadhaa wa Kenya, inaongeza chembe nyekundu za damu. Hakuna kati ya hizo inayokomaza ACL iliyopandikizwa. Kipande cha kano kinachotolewa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti hulegea kwanza ndipo kijengeke upya, na takriban wiki ya 6 hadi ya 12 ndipo kinapokuwa dhaifu zaidi. Balaa ni kwamba kipindi hichohicho uvimbe umeshuka na mtu anajiona mzima. Ukikuza misuli ya paja kwa dawa hapo, unaongeza nguvu za kukivuta kipande ambacho hakijawa tayari.

Wanachotuzidi mastaa ni huduma. MRI ndani ya siku chache, goti linanyooka kabisa kabla ya kupasuliwa, fizio kila siku. Wewe unakuja mara moja kwa wiki na mazoezi ya nyumbani umeyaacha, halafu unamshuku mwenzako.

Tena kurudi uwanjani si kupona. Zlatan Ibrahimović aliumia ACL Aprili 20, 2017, akaichezea tena Manchester United Novemba 18. Kabla mwaka mpya haujaanza, goti lilikuwa limemweka nje tena. Utafiti wa Norway wa 2016 ulionyesha kuwa kila mwezi wa kusubiri, hadi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa karibu nusu. Kwa hiyo masharti yangu hayabadiliki: miezi 9, nguvu ya paja asilimia 90 ya mguu usioumia, na kuruka kwa mguu mmoja asilimia 90 vilevile. Ukikosa kimoja, hakuna mechi.

Doping, yaani kutumia dawa zilizopigwa marufuku michezoni, ipo, sikatai. Inathibitishwa kwa mkojo na damu. Kuhesabu miezi hakuthibitishi lolote.

Dhana: PRP (sindano ya chembe sahani za damu yako mwenyewe) ni doping. WADA, shirika la dunia la kupambana na doping, iliiondoa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2011.

Dhana: kotisoni inaponya. Inatuliza maumivu na uvimbe tu, na tangu 2022 sindano zake zote ni marufuku wakati wa mashindano. Daktari akitaka kukuchoma kotisoni kwenye kano ya kisigino, kataa: kano inadhoofika na inaweza kukatika.