Taksi-basi za Lubumbashi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Asubuhi, wanaongojea taksi-basi, yale mabasi madogo ya abiria, kule Ruashi au Katuba, kila mmoja ana dawa yake ya usafiri. Nyingi ya dawa hizo zinatibu ugonjwa ambao haupo.

"Magari ni machache, tuongezewe"

Wakati mwingine ni kweli. Dar es Salaam ilipoanzisha mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, njia iliyotengwa kwa mabasi hayo tu, kutoka Kimara hadi Kivukoni, ilikuwa tayari, lakini mabasi yalikuwa kama 140 tu, na abiria wakabanana. Ila kwetu tazama kwanza pale magari yanapoanzia: matano yamejipanga, la mbele halitoki mpaka lijae. Basi mama aliye katikati ya njia na beseni lake la mboga anapitwa na magari matatu yaliyofuatana, yote yamejaa, halafu barabara inakuwa tupu.

Piga hesabu. Magari 6 kwa saa yakiachana dakika 10, anayefika kituoni bila ratiba atangoja wastani wa dakika 5. Hayo hayo 6 yakija matatu-matatu kila nusu saa, wastani unafika dakika 15, na hakuna gari hata moja lililopungua. Ukiongeza magari bila kugusa desturi ya kujaza, utarefusha ule mstari wa pale yanapoanzia.

"Shida ni ukaidi wa madereva"

Dereva wengi hawamiliki gari. Jioni mwenye gari anataka fungu lake la siku, mafuta yamekwisha kulipwa, risiveri (konda) naye anangoja chake. Anayekula kwa idadi ya vichwa hawezi kuondoka na viti vitupu, hata umpige faini kila wiki. Bogotá, TransMilenio ilipoanza mwaka 2000, wenye mabasi ya njia kuu walilipwa kwa kilomita walizoendesha. Ukaidi mwingi ukikosa faida, unakwisha wenyewe.

"Kila kartie (mtaa) ipate gari la moja kwa moja hadi mjini"

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote, na ndilo linalotupotezea muda zaidi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na wakoloni wakatenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika kwa ukanda mtupu katikati. Mtu wa upande wa Waafrika alivuka kwenda kazini, akarudi kulala. Safari zetu bado zinafuata alama hiyo, kana kwamba hakuna anayetoka pembeni kwenda pembeni nyingine kusoma, kuuza au kuzika.

Chukua kartie yenye magari 4 kwa saa. Ukiyagawa kwenye njia nne tofauti, kila njia inapata gari moja kwa saa, na kungoja ni wastani wa dakika 30. Yapeleke yote kwenye makutano mamoja, moja kila dakika 15: unangoja kama dakika 8 nyumbani, na kama makutano yanahudumiwa vivyo hivyo, dakika 8 tena pale. Barcelona ilipanga upya mabasi yake kwa njia hiyo kati ya 2012 na 2018: mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari, inayokatana.

Lakini anayechukia kubadilisha gari ana haki yake. Hapa kubadilisha ni kulipa mara ya pili na kugombania kiti mara ya pili, pengine mvuani. Barcelona, tiketi ya pamoja inakuruhusu kubadilisha ndani ya dakika 75. Bila nauli moja na paa la kujikinga mvua, makutano ni adhabu tu.

"Gari bora ni linalosimama popote"

Kwa anayeshuka, ndiyo. Kusimama mara 20 kwa nusu dakika ni dakika 10 zilizotolewa mfukoni mwa waliobaki ndani.

"Pikipiki zifukuzwe barabarani"

Nani ataingia kartie za Annexe, komuni ya pembezoni mwa mji, siku ya matope, pale taksi-basi inapogeuzia? Ajali zake ni za kweli, na kofia ngumu kwa abiria si jambo la kubembelezana. Ila safari yake inayofaa ni ile fupi, kutoka mlangoni hadi njia kuu. Zitengewe sehemu ya kuegesha kando ya kituo, nje ya barabara, ili taksi-basi ipate pa kusimama bila kufunga njia.