Kwa nini walimu wa Denver waligoma wakitaka bonasi zao zipunguzwe?

Jumatatu ya Februari 11, 2019, walimu wa shule za umma za jiji la Denver, jimbo la Colorado, Marekani, waliweka chaki chini. Ulikuwa mgomo wao wa kwanza tangu 1994. Hapo hakuna ajabu. Walimu wa Kenya wamegoma mara ngapi? Ajabu ni dai lenyewe. Wilaya yao ya elimu ilikuwa ikiwalipa bonasi za kila namna, nao wakasema: zipunguzeni, fedha hizo ziingizeni kwenye mshahara.

Nani hukataa bonasi? Tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1921 Denver ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Marekani kuwa na jedwali moja la mishahara kwa walimu wote. Kabla ya hapo mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alilipwa pungufu kuliko mwenzake wa sekondari hata kama elimu na uzoefu wao vililingana. Jedwali likauliza mambo mawili tu: una cheti gani, na umefundisha miaka mingapi? Haki ilipatikana, lakini mwalimu hodari na mtegaji, wakiwa na vyeti sawa na miaka sawa, wakawa wanapokea mshahara uleule.

Hilo ndilo lililotafutiwa dawa kuanzia 1999, wilaya na chama cha walimu walipoanza kujaribu pamoja utaratibu mpya katika shule chache. Ukaja kuitwa ProComp. Watu husahau kwamba haukushushwa kutoka juu: Machi 2004 walimu waliupigia kura na asilimia 59 wakaukubali. Novemba 2005 wapiga kura wa jiji nao wakaridhia kuongezewa kodi, dola milioni 25 kwa mwaka, ili uendeshwe. Waliokuwa kazini waliachiwa wachague. Walioajiriwa kuanzia 2006 hawakuwa na hiari.

Chini ya ProComp, mwalimu aliongezewa fedha akijiendeleza kitaaluma, akifanya vizuri kwenye tathmini, wanafunzi wake wakipiga hatua kuliko ilivyotarajiwa, akifundisha somo lenye uhaba wa walimu, au akikubali shule yenye watoto wengi maskini. Hiyo ya mwisho ni ndugu wa posho ya mazingira magumu anayoijua mwalimu wa Turkana au Mandera.

Kiini cha ugomvi kiko hapa. Nyongeza ni za aina mbili. Kuna inayoingia kwenye mshahara wa msingi na kukaa humo maisha yako yote ya kazi, na kuna inayolipwa mara moja ikaishia hapo. Mwaka 2008 mkataba ulijadiliwa upya, na uzito ukahamia kwenye aina ya pili, hasa ili kuwavutia walimu wapya. Wakongwe wakaona mshahara wa msingi umeganda huku bonasi zikipanda na kushuka. Shule iliyolipiwa bonasi mwaka huu yaweza kuondolewa kwenye orodha mwakani, nawe hujabadilika hata kidogo: darasa ni lilelile na juhudi ni ileile. Walimu walilalamika kwamba hawawezi kukadiria watapata kiasi gani mwaka unaofuata. Na hii ilikuwa miaka ambayo nyumba za Denver zilikuwa zikipanda bei kwa kasi. Kodi ya nyumba haisubiri matokeo ya mitihani.

Tathmini nayo ikaongeza joto. Sheria ya Colorado ya mwaka 2010 iliagiza kwamba nusu ya alama za mwalimu zitokane na maendeleo ya wanafunzi wake kimasomo. (Mwaka 2022 jimbo lilishusha nusu hiyo hadi asilimia 30.) Upande wa vyeo, kwa maoni yangu, Denver ilifanya la maana zaidi: iliweka walimu viongozi, wanaofundisha sehemu ya siku na sehemu nyingine wakiwaangalia na kuwanoa wenzao darasani. Mwalimu mzuri akawa na njia ya kupanda bila kuacha kufundisha na kukimbilia ofisi ya mwalimu mkuu.

Wilaya haikuwa na hoja dhaifu. Ilisema bonasi ndizo zinazowashikilia walimu katika shule za watoto maskini. Chama kikajibu kwamba kinachomshikilia mwalimu ni mshahara anaoweza kuutegemea. Katika kura ya kugoma, asilimia 93 waliunga mkono.

Mgomo ulidumu siku tatu. Majadiliano ya mwisho yalifanyika usiku kucha kwenye maktaba kuu ya jiji, mbele ya umma, maana sheria ya Colorado hairuhusu yafanywe kwa siri, na alfajiri ya Februari 14 mwafaka ukapatikana. Mshahara wa msingi ulipanda kwa wastani wa asilimia 7 hadi 11. Bonasi hazikufutwa zote: shule za watoto maskini zilibaki na dola 2,000 kwa mwalimu kwa mwaka, na shule 30 zenye uhitaji mkubwa zaidi zikapata 3,000. Sehemu kubwa ya fedha nyingine ikaingizwa kwenye jedwali la ngazi 20 na safu 7, ambamo mwalimu hutazama elimu yake na miaka yake ya kazi, kisha anausoma mshahara wake, karibu kama ilivyokuwa mwaka 1921.