Je, wajua kwa nini handaki la upepo halitoi namba moja?

Bati la paa hapa Goma liking'olewa na upepo, mara nyingi linaanzia kwenye kona. Kona hiyo inavutwa kwa nguvu kiasi gani? Wengi tunajibu haraka: tengeneza mfano mdogo wa nyumba, uuweke ndani ya handaki la upepo, yaani chumba kirefu chenye feni kubwa, kisha upime. Ni kama kuweka mfuko wa saruji kwenye mizani.

Sivyo. Mfuko wa kilo 50 ukiupima mara kumi unabaki kilo 50. Kona ya paa ukiipima mara kumi, kwa mfano ule ule na feni ile ile, unapata vilele kumi tofauti (kilele ni mvuto mkubwa kuliko yote wa kila kipimo), na hakuna kifaa kilichoharibika.

Simama ufukweni mwa Ziwa Kivu siku ya upepo. Kwa dakika 10, kumbuka wimbi lililopanda juu kuliko yote. Rudia dakika 10 nyingine: upepo haukubadilika, lakini wimbi kubwa la sasa halilingani na lile la kwanza. Wastani wa mawimbi utakaribiana sana, maana umebebwa na mawimbi mengi; kilele kimebebwa na wimbi moja tu. Na msumari wa bati haung'olewi na wastani.

Mfano ukiwa 1:100, yaani mdogo mara 100, na kasi ya handaki ikiwa nusu ya kasi halisi, muda unafupika mara 50: dakika 10 za nje ni sekunde 12 za ndani. Kipimo kimoja cha sekunde 12 hakitoshi kumpa mtu wa kujenga. Maabara hurudia mara nyingi, huchora mtawanyo wa vilele kwa kanuni ya Gumbel, yaani kanuni ya takwimu ya thamani kubwa kuliko zote, na mara nyingi huchagua thamani ambayo asilimia 78 ya vilele haviivuki. Vipimo vinavyopitia mirija inayotoka kwenye vitundu vya mfano, vinavyopokea shinikizo, navyo hurekebishwa kimahesabu, kwa kuwa mrija mrefu hufifisha mitikisiko ya haraka.

Hata hapo, shaka kubwa zaidi huweza kutoka nje ya handaki. Mwaka 2002 maabara mbili zilipima, kila moja kivyake, mifano ya minara ya World Trade Center ya New York. Ripoti ya taasisi ya Marekani NIST, ya 2005, ilikuta makadirio ya nguvu za upepo yakipishana hadi asilimia 40. Kila maabara ilikuwa na njia yake ya kukadiria kasi ya upepo na ya kuiunganisha na mielekeo yake.

Kasi ina uzito huo kwa sababu shinikizo hufuata kasi mara kasi: kasi ikizidi kwa asilimia 10, shinikizo linazidi kwa asilimia 21. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, kwa hiyo upepo wa kasi ile ile unasukuma kwa nguvu pungufu hapa Goma kuliko pwani. Lakini ukikadiria kasi pungufu kwa asilimia 8 tu, nafuu hiyo yote imekwisha.