Wazo halisajiliwi: neno kwa vijana wanaotengeneza programu za simu Nyanda za Juu Kusini

Na Afisa wa Dawati la Ubunifu, Mbeya

Tangu Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipotangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, dirisha letu hapa Mbeya limekuwa na wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni wananchi ambao shemeji zao, mabosi wao na hata wachungaji wao wamepigiwa simu kuulizwa habari za deni, kwa kuwa programu ilibeba namba zote zilizomo kwenye simu. Wa pili ni vijana wa vyuo vya hapa, Iringa na Njombe wanaotengeneza programu, na sasa wanaogopa kutiwa kapu moja na wakopeshaji hao. Makala haya ni ya kundi la pili.

Swali linaloongoza dirishani ni hili: "Afisa, nisajili wapi wazo langu lisiibiwe?" Wazo halisajiliwi popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kutengenezwa, programu za kompyuta zikiwemo, na ulinzi huo huanza msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, unapoandikwa. Usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni wa hiari. Husaidia ushahidi siku ya mgogoro. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, husajili jina la biashara, kampuni, alama ya biashara na hataza (haki ya uvumbuzi), na jina la biashara halimzuii mtu wa Tukuyu kutengeneza programu ya kazi ileile kwa jina jingine. Tunaeleza hivi kila siku, na bado kijana anatoka hapa moja kwa moja kwenda kutafuta wa kumwandikia mkataba wa usiri ili amsainishe mwenzake wa chumba hostelini.

Usiri huo ndio unaotukosesha jumuiya. Kundi sogozi la watu mia tatu linalorusha matangazo ya kazi na salamu za Ijumaa si jumuiya ya watengeneza programu, hata likiwa na nembo. Jumuiya ni watu wanaofungua kazi ya mwenzao, wakaiharibu makusudi, kisha wakamwambia imeharibikia wapi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya pale Iyunga hakikosi vijana wenye uwezo huo, wala vyuo vikuu vya Ruaha na Iringa. Wanakosa kuonana.

Na siku hizi kutoonana kuna gharama inayohesabika. Google Play, duka la programu za simu za Android, hutoza dola 25 mara moja tu kufungua akaunti ya mtengenezaji (Apple ni dola 99 kila mwaka, na wengi wetu tunaishia hapo). Lakini akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hairuhusiwi kuweka programu hadharani mpaka ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, wakapunguzwa mwishoni mwa mwaka 2024. Anayejitoa siku ya tisa hahesabiwi. Akaunti ya taasisi haina sharti hilo, ila inataka namba ya D-U-N-S (utambulisho wa kimataifa wa taasisi), kwa maana kwamba uwe umeshasajili taasisi yenyewe. Sasa kijana aliyeficha kazi yake mwaka mzima atawatoa wapi watu 12 wenye simu za Android wa kukaa naye wiki mbili? Huwalipa watu wa mtandaoni asiowajua. Wanaipakua na hawaifungui, naye anafurahi.

Kuna kijana alileta programu ya bei za viazi. Imepangika, rangi nzuri, bei ya gunia kwa kila soko. Tukamwomba aipeleke Uyole, kwa wanaouza na kununua. Mama mmoja mfanyabiashara akaishika simu, akasoma, akauliza: "Hili gunia ni la lumbesa au la kilo mia?" Kijana hakuwa na jibu. Sheria ya vipimo hairuhusu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, lakini bei zinazotajwa shambani bado ni za lumbesa, na bei isiyosema uzito haimsaidii mtu. Halafu mama akauliza la pili, ambalo mimi kwa kazi yangu ndilo lililonishtua: kwa nini programu ya viazi inaomba kuona namba za watu wake? Kijana akasema alinakili kipande hicho kutoka kwenye mradi mwingine. Hakujua kwamba kimo humo.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Naomba isomwe polepole. Mkusanyaji ni yule anayeamua taarifa zichukuliwe kwa sababu gani na kwa njia gani. Mchakataji ni anayezishughulikia kwa niaba yake. Wote wawili wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na cheti hudumu miaka 5. Sheria haikuweka daraja la "bado tuko kwenye majaribio". Majina ya wale wajaribu wako 12, namba zao na mahali walipo, ni taarifa binafsi. Seva yako ikiwa nje ya nchi, kuna masharti ya kusafirisha taarifa nje, nayo yanakuhusu hata kama seva ni ya bure.

Adhabu nazo si za kutishia watoto. Mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha sheria hupigwa faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni ni kati ya milioni 1 na bilioni 5. Anayezifuta au kuziharibu isivyo halali, faini ni hadi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Nje ya mahakama, Tume yenyewe ina uwezo wa kutoza hadi milioni 100. Namna rahisi ya kukwepa yote hayo ni kutokusanya usichokihitaji. Bei ya viazi haihitaji kumjua shemeji wa mtu.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Programu inayohifadhi fedha za wateja inaangukia Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na inayokopesha inaangukia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Zote zinakupeleka Benki Kuu, ambayo tangu mwaka 2023 ina kanuni za kuwaruhusu wabunifu kujaribu huduma chini ya uangalizi wake. Nenda huko kabla hujaanza kupokea hata shilingi.

Wanaotaka kuijenga jumuiya kwa dhati waanze kama kikundi cha kijamii kwa afisa maendeleo ya jamii. Wasiwe chini ya watano, wawe na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye saini za wote, na barua ya serikali ya mtaa. Najua wengi mnakimbilia hapo kwa ajili ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, na hakuna kosa. Ila nimeona vikundi vinavyozaliwa wiki ya maombi na kufa wiki ya majibu. Kikundi kinachokutana kila Jumamosi kupitiana kazi kitaomba mkopo kikiwa na kitu cha kuonyesha.

Anayekuja dirishani kwetu aje na namba ya NIDA, simu yenye programu yenyewe, na orodha ya ruhusa zote inazoomba kwa mtumiaji pamoja na sababu ya kila moja. Mkataba wa usiri wa kumsainisha afisa aache nyumbani. Hatusaini.